Refa Bila Mpira wa Pili

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe kabla sijaanza kuwahukumu watu wengine.

Likizo ya Disemba vijana wa mtaa hapa Mackinnon Road walipanga mechi za watoto. Wavulana kandanda, wasichana rounda. Refa wa rounda hakutokea, nikasukumwa mimi. Sababu? Nina simu na nina mdomo, kwa hivyo watu hudhani najua kila kitu. Nikapewa filimbi, nikapewa na mpira.

Sasa huo mpira. Nje ilikuwa soksi, juu yake kamba ya katani imezungushwa kwa ufundi kwelikweli. Lakini nilipoushika tu nikahisi una uzito wa ajabu. Nikaubonyeza. Ndani kuna kitu kigumu. Nikauliza, "Humu ndani mmeweka nini?" Kijana aliyeutengeneza akacheka. "Kajiwe kadogo tu, kaka. Ndio uende mbali."

Nikaangalia uwanja. Watoto zaidi ya ishirini wamesimama wananingoja. Jua linachoma vile jua la Taru linajua kuchoma. Kuna mama ameacha meza yake ya biashara kando ya barabara kuu, amekuja kumwona binti yake akicheza. Nikauliza kama kuna mpira mwingine. Hakuna. Nikapuliza filimbi.

Hazikupita dakika kumi. Msichana mmoja wa gredi ya sita alinyoosha mkono kudaka mpira uliotoka kwenye gongo kama risasi. Hakulia papo hapo. Aliangalia kidole chake kwanza, kisha akaniangalia mimi. Macho yale bado ninayo hadi leo.

Kidole kilikuwa kimevunjika. Kimepona, alhamdulillahi, ingawa hakinyooki sawasawa. Mama yake hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe si ndiye ulikuwa refa, mwanangu?"

Ndiyo mama, nilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, sina cheti cha historia wala cha michezo, lakini kusoma hakuhitaji kadi ya mwanafunzi. Nilitaka kujua kitu kimoja: refa akipewa mpira mbovu anafaa kufanya nini? Nani alimpa hiyo kazi? Na kwa nini mimi, nikiwa najua kabisa mpira si salama, nilipuliza filimbi?

Jibu lilinipeleka mbali kidogo. Tembea nami, utaona linaturudisha hapahapa kando ya reli.

Tuanze na rounda. Mchezo huu ulikuja na shule za Waingereza, haohao waliotuachia hata jina la mji. Mackinnon ni Sir William Mackinnon, bwana wa kampuni ya Imperial British East Africa, na "Road" ni ile barabara ya mikokoteni iliyokatwa kutoka pwani kwenda bara kabla hata ya reli. Rounda ina ndugu wawili Marekani: besiboli na softball. Zote tatu ni damu moja. Mmoja anarusha, mwingine anapiga kwa gongo, wengine wanadaka, mpigaji anakimbia kuzunguka vituo. Na kama una mdogo wako kwenye CBC, softball anaijua, kwa sababu mtaala umeiweka kwenye michezo ya shule ya msingi. Kwa hivyo hizi si habari za wazungu peke yao tena. Hiki ni kipindi cha michezo cha mdogo wako.

Sasa sikia softball ilianza vipi. Ni mwaka 1887, mwezi wa Novemba, mji wa Chicago. Vijana wamekusanyika kwenye klabu moja ya mashua, Farragut Boat Club, wanangojea matokeo ya mechi ya Yale na Harvard yaje kwa telegrafu. Matokeo yakaja, watu wakachangamka. Mmoja akaokota glavu ya ndondi akamrushia mwenzake. Mwenzake akaipiga kwa fimbo. George Hancock, mwandishi wa habari aliyekuwa pale, akaikunja ile glavu, akaifunga kwa kamba zake mpaka ikawa duara, akachora mistari sakafuni kwa chaki. Mechi ikaanza.

Umeelewa hapo? Softball, mchezo uliofika Olimpiki mwaka 1996, ulianza na juala. Glavu iliyofungwa kwa kamba! Tofauti ya Hancock na yule kijana wetu wa kajiwe ni moja tu: glavu ya ndondi ni laini. Walikuwa wanacheza ndani ya ukumbi, bila glavu za kudakia, kwa hivyo mpira ulipaswa kuwa mkubwa na wa kusamehe mikono. Hadi leo huko Chicago kuna watu wanacheza softball ya inchi 16 kuzunguka, na wanadaka kwa mikono mitupu.

Kwa hivyo kabla hujamcheka mtoto na mpira wake wa kujitengenezea, kumbuka mwanzo ulikuwa huohuo. Kujitengenezea si aibu. Swali ni umetengeneza nini, na nani amekagua.

Mchezo ulipokua, vipimo vikaja. Softball ya kawaida leo ina mzunguko wa inchi 12, karibu sentimita 30 na nusu, na uzito wa kati ya gramu 178 na 198 hivi. Watoto wa miaka kumi kushuka chini, Marekani huchezea wa inchi 11, mdogo zaidi na mwepesi zaidi, kwa sababu kiganja cha mtoto si kiganja cha mtu mzima. Kwenye ligi rasmi mpira lazima uwe na muhuri wa chama unaothibitisha kwamba umepimwa. Siku hizi mingi ni ya njano inayong'aa na mishono myekundu, ili mpigaji auone unapokuja.

Na nani anahakikisha haya yote? Ampaya. Sisi huku kila mwenye filimbi ni refa, lakini kule anaitwa ampaya. Kabla ya mechi anaikagua mipira. Mechi ikiendelea, mpira ukichanika mshono, ukipoteza umbo, ukilowa maji au ukichafuka hadi hauonekani vizuri, yeye ndiye anautoa na kuingiza mwingine. Kocha anaweza kulalamika, mrushaji anaweza kuuleta aukague, lakini neno la mwisho ni lake.

Ukisoma hivyo unadhani ni jambo rahisi. Mpira mbovu, toa. Mpira mzuri, weka. Ila mamlaka hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Kwenye besiboli ililipiwa kwa maisha ya mtu.

Tarehe 16 Agosti 1920, uwanja wa Polo Grounds, New York. Timu ya Cleveland inacheza na Yankees. Enzi hizo mpira mmoja ulichezewa mpaka ukachoka. Warushaji waliupaka udongo, waliutemea mate na tumbaku, kwa sababu mpira mchafu na uliokwaruzwa hupinda hewani na haueleweki. Kufikia jioni mpira ulikuwa na rangi ya kahawia kama udongo wa Samburu hapa.

Carl Mays wa Yankees alirusha. Ray Chapman wa Cleveland, miaka 29, alisimama na gongo lake. Hakusogea. Wengi waliamini hakuuona kabisa. Mpira ukamgonga kichwani kwa kishindo kikubwa, hata Mays akadhani umepiga gongo. Akauokota na kuutupa kwenye kituo cha kwanza mchezo uendelee. Chapman alifariki asubuhi iliyofuata, tarehe 17. Hakukuwa na helmeti siku hizo. Hadi leo ndiye mchezaji pekee wa ligi kuu ya Marekani aliyekufa kwa kugongwa na mpira uliorushwa mechini.

Sasa hapa ndipo mimi niliweka simu chini nikanyamaza kidogo.

Mate kwenye mpira yalikuwa yameanza kupigwa marufuku mapema mwaka huohuo. Na waamuzi walikuwa na uwezo wa kutoa mpira mbovu. Walikuwa wanautumia pia! Shida ni kwamba wenye timu walilalamika. Mipira inatupwa mingi mno, walisema, gharama inapanda. Rais wa ligi ile, Ban Johnson, akawaagiza waamuzi wawe wanaibakisha mipira mchezoni kadiri wanavyoweza, isipokuwa ile ya hatari.

Isipokuwa ile ya hatari. Jiulize, ukiwa ampaya na mwenye timu amekukodolea macho anahesabu mipira, utajuaje mpira umevuka mstari ukawa wa hatari? Utaukagua kama mtu wa usalama au kama mtu wa mahesabu?

Chapman alipozikwa, amri ikageuka. Waamuzi wakatakiwa kutoa mpira wowote uliochafuka na kuingiza mweupe. Tangu hapo wapigaji wakaanza kuuona mpira vizuri. Leo kwenye ligi ile mpira ukigusa vumbi tu mara nyingi unaondolewa. Hakuna anayesema ni uharibifu wa pesa.

Cha kuchekesha ni kwamba hata mpira mpya una shida yake. Mipira iliyotoka kiwandani ilikuwa inateleza mno mkononi, na mpira unaoteleza unaweza kumponyoka mrushaji ukaenda kwenye uso wa mtu. Mwaka 1938 kocha mmoja, Lena Blackburne, akaleta tope maalumu kutoka kingo za mto kule New Jersey, na waamuzi wakawa wanaipaka mipira kabla ya mechi ili ishikike. Hadi leo tope hilo linatumika. Yaani ampaya alianza kwa kukataa mpira mchafu, akaishia kuupaka tope mpira safi! Lakini ukifikiria, kazi ni ileile. Anayeshika filimbi ndiye wa kujiuliza: huu mpira utamfanyia nini mtoto wa mtu?

Kandanda nayo ina kisa chake, na nakiweka hapa kwa sababu kina dawa ndani yake.

Fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia, mwaka 1930, Montevideo. Uruguay na Argentina. Kila timu imekuja na mpira wake na kila timu inaukataa wa mwenzake. Refa ni Mbelgiji, John Langenus. Akaamua: kipindi cha kwanza tunachezea mpira wa Argentina, cha pili wa Uruguay. Mapumziko Argentina wako mbele 2-1. Mpira ukabadilishwa. Mechi ikaisha Uruguay 4, Argentina 2.

Watu hukisimulia kisa hiki kama kichekesho, na kila mtu anataka kubishana kama mpira ndio ulibadilisha matokeo. Mimi nilikiona kwa jicho lingine. Langenus aliweza kuamua kwa sababu alikuwa na mipira miwili. Ungempa mmoja, angefanya nilichofanya mimi.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote, naisema bila kuzunguka. Sheria inampa refa nguvu ya kukataa mpira. Mpira wa pili ndio unaompa uwezo. New York ya 1920 waamuzi walikuwa na sheria, wenye pesa wakawabana, mtu akafa. Mackinnon Road hakuna aliyenibana. Hakukuwa tu na mpira mwingine, na kidole cha mtoto kikavunjika. Kubana matumizi na kukosa kabisa si dhambi moja, najua. Lakini kidole hakijui tofauti.

Najua pia mtu fulani ameshaanza kuandika: "Sisi tulicheza juala, tukakua, acha kulialia." Sikiliza basi. Mimi pia ni mtoto wa juala. Nimekunja makaratasi na nailoni, nimefunga na kamba, nimepasua vidole vya miguu hapo kando ya reli, karibu na msikiti wa Sayyid Baghali, mpaka giza likatufukuza. Ule mpira ulikuwa mwalimu wetu. Ukiweza kuutuliza juala kwenye uwanja wa mawe, mpira wa duka ni mteremko.

Lakini juala letu lilikuwa jepesi. Hewa na nailoni, basi. Kisha tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ikaanza kufanya kazi Kenya. Siipingi. Ng'ombe na mbuzi wa huku walikuwa wanakula ile mifuko, kila mfugaji wa Kinango anajua. Ila hakuna aliyekaa akawaza watoto watafunga mpira na nini. Kwa hivyo watoto wakahamia kwenye kile kilichopo: vitambaa, soksi, kamba ya katani, vipande vya tyubu. Vitu vizito zaidi. Na kitambaa hakirukiruki, ndipo mtu anapata wazo la kuweka kitu katikati.

Halafu kuna jambo la gongo. Kwenye kandanda mpira mbovu unaumiza guu lako mwenyewe, na guu lina akili, litapunguza nguvu. Kwenye rounda na softball mpira unapigwa na mtu mwingine, kwa mbao, na wewe unaupokea kwa vidole. Mchezo wa gongo hausamehi mpira mgumu. Ndiyo maana Hancock alianza na glavu na si na jiwe.

Kwa hivyo nikubaliane na nani? Na wale wanaosema "mpira wa muhuri au hakuna mechi"? Hapana. Tukisema hivyo tumewafungia watoto wote wa huku nyumbani, tukidai tunawalinda. Nikubaliane na wanaosema "cheza na chochote"? Nimeshamwona mama mmoja akiuliza swali la upole, na sitaki kuulizwa tena.

Njia yangu ni ya katikati, na imetoka kwenye historia hii hii.

Kwanza, refa aukague mpira mbele ya manahodha wote wawili kabla ya mechi, si mechi ikiwa imeanza. Aubonyeze pande zote, asikie kama kuna kigumu ndani. Audondoshe kutoka kifuani aone unaangukaje. Atazame mafundo ya kamba, kwa sababu fundo lililochomoza ni jiwe jingine. Amalize kwa kujirushia mwenyewe ukutani na kuudaka kwa mkono mtupu. Kama yeye mtu mzima unamuuma, mtoto wa miaka kumi na mmoja asiuguse.

Pili, tufanye kama 1930. Kila timu ije na mpira wake, ndio iruhusiwe kucheza. Nafasi moja huu, nafasi nyingine ule. Ukiharibika mmoja, upo mwingine. Hakuna anayehitaji mfadhili kwa hilo. Mpira wa kitambaa cha tisheti kuukuu, uliojazwa sponji ya godoro, hauna gharama kushinda soda. Na timu ikijua mpira wake utapigwa na wapinzani kuelekea vidole vya watoto wake, amini nakwambia, haitaweka kajiwe.

Tatu, refa akisema hapana, watu wazima wanyamaze. Hili ndilo gumu kuliko yote. Mwaka 1920 kelele zilitoka kwa wenye timu. Huku kwetu zinatoka kwa sisi watazamaji, kwa mwandalizi anayeangalia saa, kwa kaka mkubwa anayesema "puliza tu, usijifanye FIFA." Siku ile hakuna aliyenilazimisha, nimekiri. Lakini niliogopa zile kelele kabla hazijaanza. Niliona aibu kuwarudisha watoto nyumbani kuliko nilivyoogopa jiwe.

Pasaka tulicheza tena. Nilikuwa refa, safari hii kwa kuomba mwenyewe. Timu moja ilikuja na mpira wa sponji na tisheti nyekundu, mzuri kabisa. Nyingine ilikuja na wa katani. Nikaubonyeza ule wa katani, nikasikia kigumu. Nikamwita yule kijana aliyeutengeneza, nikamwambia aufungue mbele ya kila mtu. Safari hii haikuwa jiwe, ilikuwa kizibo cha chupa. Akasema, "Lakini hiki si jiwe, kaka." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikauweka kando, tukacheza na ule mwekundu mechi nzima.

Kuna mtu alipiga kelele kwamba tumewapendelea wenye mpira mwekundu. Sawa. Ninaweza kuishi na kelele hiyo.

Yule msichana alikuwepo. Hakucheza upande wa kudaka. Bado anaogopa, na sikumlazimisha. Alikuja zamu ya kupiga tu. Alipiga ule mwekundu ukapita vichwa vya wote, akazunguka vituo vyote akicheka, kile kidole chake kimekaa wima kikiwa peke yake kwenye gongo kama bendera.

Haya, zamu yenu. Mtaani kwenu mtoto anachezea mpira gani, na nani anaukagua? Niambieni hapo chini. Na ukiwa refa likizo hii, kabla hujapuliza, ubonyeze kwanza.